Swichi ya Gari, ya Jana na ya Leo

Asubuhi moja ya masika yaliyopita, nikiwapeleka watoto madrasa, nilinusa plastiki ikiungua mlangoni mwangu. Niliegesha kando, nikawashusha watoto, kisha nikafungua boneti na kuchomoa waya wa betri. Chanzo kilikuwa swichi ya vioo, nayo niliiharibu kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku tatu kabla ya hapo kioo kilikuwa kikisita kupanda, nami nikafanya nilivyofunzwa na marehemu ami yangu: nikapuliza ndani yake mafuta ya kopo. Ami alikuwa na pikapu kuukuu. Taa zake zilipogoma aliifungua swichi kwa bisibisi, akazikwangua kwa msasa ncha za shaba zilizoota kutu ya kijani kwa hewa yetu ya chumvi, akairudisha, nasi tukaiwahi Magharibi. Aliweza kwa kuwa ubovu ulionekana. Katika magari mengi ya zama hizo umeme wote wa taa kubwa ulipita ndani ya swichi yenyewe. Taa mbili za wati 55 kwa betri ya volti 12 hula ampea 9 hivi, na cheche za umeme wa kiasi hicho huacha weusi ambao hata mtoto atauona.

Magari ya sasa yana tabia nyingine. Swichi nyingi hubeba umeme mdogo tu, wa kuiarifu kompyuta ya gari kwamba dereva ataka taa. Kompyuta ndiyo iwashayo. Habari za vifaa vingi hupita katika waya mbili, kwa utaratibu uitwao CAN, ambao Bosch iliutangaza mwaka 1986. Ukiikwangua swichi ya namna hiyo kwa msasa, waondoa utando mwembamba upitishao umeme, na huenda tangu mwanzo haikuwa na kosa.

Swichi ya vioo iko kati na kati: sura yake ni ya kisasa, lakini katika magari mengi ingali inabeba umeme wa mota. Hapo ndipo mafuta yanapokuwa hatari. Mwaka 2012 Toyota iliyaita karakana magari zaidi ya milioni 7 duniani, yakiwamo ya Yaris, tuijuayo kwa jina la Vitz, kwa kuwa grisi ya swichi hiyo haikupakwa sawasawa. Ikaonya pia kwamba mafuta ya dukani yaweza kuiyeyusha na kuitoa moshi. Gari langu si la kampuni hiyo, lakini fundi alipoifungua aliuliza, "Sheikh, humu nani alitia mafuta?" Nikakiri.

Swichi mpya ilibidi ninunue. Yeye huanza na fyuzi, kisha hupima kwa mita, na kabla ya yote hutazama kitufe cha dereva kinachozuia vioo vya abiria. Juma lililotangulia, alisema, alijiwa na mteja aliyetaka swichi tatu za milango. Mwanawe alikuwa amekibonyeza.