Breki Ikitetemeka, Usiachie Mguu

Nilimwambia mama yule afikishe spidi ya 50, na nikisema "sasa" akanyage breki kwa nguvu zake zote. Tulikuwa kwenye kipande cha lami kilichofungwa, hakuna gari wala mtu, na mbele yetu nilikuwa nimepanga koni tatu. Ana leseni kwa zaidi ya miaka 20 na hajawahi kugonga hata mbuzi. Nikasema sasa. Akakanyaga. Pedali ikamtetemekea unyayoni, chini ya gari ukasikika mkwaruzo kama wa chuma kinachosagwa, naye akauondoa mguu papo hapo. Gari likasonga mbele na kuzilaza koni zote tatu. "Mwalimu, breki zimekatika!" akasema, mikono ikimtetemeka kwenye usukani.

Hazikuwa zimekatika. Mtetemo ule ndio ABS yenyewe, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge, ukiwa kazini. Kila gurudumu lina kihisio kinachofuatilia mzunguko wake. Likitaka kusimama kabla gari halijasimama, kompyuta hulegeza breki yake kisha huibana tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja, kwa kasi isiyowezekana kwa mguu wa binadamu. Gurudumu lililojifunga huteleza tu na halisikii usukani, lakini linaloendelea kuzunguka hata kidogo husikia. Ndiyo maana mwenye ABS anaweza kukanyaga hadi mwisho na bado akamkwepa mtoto aliyekatiza barabara. Mercedes-Benz na Bosch waliingiza mfumo huu kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1978, na leo ni nadra kuona gari dogo la Japani lisilokuwa nao.

Lakini wengi wetu tulifundishwa kwenye magari yasiyo na ABS. Tuliambiwa tupampu breki: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Mimi mwenyewe nimelifundisha somo hilo kwa miaka, na kwa magari yale lilikuwa sahihi. Kwenye gari lenye ABS, kila unapoachia mguu unajipotezea mita ambazo huzipati tena. Kinachotakiwa sasa ni kukanyaga kwa nguvu, kushikilia bila kujali mtetemo, na kuelekeza usukani pale unapotaka kwenda. Dereva hodari wa mwaka 1995 asiyejua hili anaweza kuumia leo kwa sababu ya uhodari wake uleule.

Kuna jambo moja ambalo mfumo huu hauwezi kulifanya, nalo ni kufupisha barabara. Ukiwa kwenye spidi ya 100, gari linakata karibu mita 28 kila sekunde. Tangu jicho lione hatari hadi mguu ufike kwenye breki, hesabu sekunde moja na nusu kwa mtu wa kawaida: mita 42 zimeshakwenda na breki haijaguswa. Ongeza mita kama 55 za kusimama kwenye lami kavu na matairi mazima, unapata takriban mita 97. Kwa spidi ya 50 jumla yake ni kama mita 35. Kwenye changarawe au vumbi, gari lenye ABS linaweza hata kuchukua nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko lisilo nayo, kwa sababu gurudumu lililojifunga hukusanya kokoto mbele yake na kokoto hizo huzuia.

Jijini Munich, Ujerumani, miaka ya 1980, watafiti waliwafuatilia madereva wa teksi ambao baadhi ya magari yao yalikuwa na ABS na mengine hayana. Wachunguzi walipanda kama abiria wa kawaida, dereva bila kujua kwamba anatazamwa. Wenye ABS walikata kona kwa ukali zaidi na kulisogelea mno gari la mbele, na mwisho wa hesabu hawakuwa wamepata ajali chache kuliko wenzao. Usalama walioongezewa na fundi waliutumia kwenda kasi. Nimekaa kiti cha abiria na madereva wengi, nami naamini matokeo yale kabisa. Mtu akishajua kwamba gari lake "linashika breki", ile nafasi aliyokuwa akiiacha mbele inaanza kupungua, kidogo kidogo, bila yeye mwenyewe kujua.

Swali la kuitegemea mashine kiasi gani sasa linarudi kwa nguvu zaidi. Tangu Novemba 2021, Japani imelazimisha magari ya abiria ya miundo mipya yawe na breki zinazoshika zenyewe kamera au rada ikiona hatari mbele. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo magari ya aina hii yanazidi kushuka bandarini Mombasa, na Dar es Salaam nayo inayapokea. Ni teknolojia nzuri, naiunga mkono. Ila dereva ajue kamera hiyo imefundishwa kutambua nini: gari, mtu, baiskeli, mstari mweupe wa barabarani. Mstari ukifutika, msaada wa kubaki kwenye njia yako unakatika palepale.

Chukua usiku mmoja kwenye barabara kuu. Mbele, katikati ya njia yako, kuna rundo la matawi mabichi. Kila dereva wa Afrika Mashariki anajua maana yake: kuna lori limeharibika, pengine halina taa wala kiakisi, na utingo wake amekata matawi kuwaonya wenzake. Unapunguza mwendo kabla hujaliona lori lenyewe. Kamera iliyofunzwa kwenye barabara za Nagoya haijafundishwa kusoma matawi. Haijui pia kwamba mpira ukitokea kichochoroni mtoto anaufuata, wala kwamba bodaboda aliyegeuza shingo kutazama nyuma yuko karibu kukata kona bila indiketa. Elimu hiyo unayo wewe. Ukiipumzisha kwa kuitegemea mashine, hakuna atakayeshika nafasi yako.

Kamera yenyewe hukaa nyuma ya kioo cha mbele, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Nimeona magari ambayo stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama imebandikwa juu yake kabisa, na mengine yamewekwa utepe mweusi wa kuzuia jua ukalifunika jicho hilo lote. Kioo kikibadilishwa, kamera inatakiwa irekebishwe upya kwa vipimo. Muulize fundi kama ana kifaa cha kazi hiyo kabla hujamlipa.

Watu wengi hawaisikilizi dashibodi. Ukiwasha gari la Japani unasikia sauti ya dada akisema maneno marefu ya Kijapani. Mara nyingi anauliza tu kadi ya kulipia barabara za kwao, jambo lisilotuhusu. Kwa vile hatumwelewi, tumezoea kupuuza kila kinachotoka kwenye dashibodi, hata taa ya ABS na ile ya SRS. Taa hizo mbili zinatakiwa ziwake unapofungua swichi, kisha zizime baada ya sekunde chache. Isipozima, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, shuku zaidi, kwa sababu wako wauzaji wanaoing'oa balbu au kuiunganisha na taa nyingine ili mnunuzi asishtuke. Na hiyo SRS, yaani mifuko ya hewa, jina lake lenyewe linasema ni nyongeza tu ya mkanda. Mfuko hufumuka kwa muda ulio chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, tena kwa nguvu. Asiyefunga mkanda anarushwa kuukuta, na mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele anakuwa katikati ya mfuko na mzazi wake. Tafadhali, mtoto akae nyuma, afungwe.

Nimalizie na milima, kwa kuwa magari ya otomatiki yameleta ugonjwa wake huko. Ukitoka Iringa kushuka Kitonga, madereva wa zamani wa gia za mkono walishuka na gia ndogo na injini ikalizuia gari. Mwenye otomatiki huiacha gia kwenye D na kukalia breki kona baada ya kona. Breki zinachemka, na mafuta yake pia. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu wa hewani, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140, na yakichemka yanatoa mapovu, mguu unazama hadi sakafuni. Weka L, au 2, au S. Kwenye haibridi za Toyota ni B. Herufi hizo ziliwekwa kwa ajili ya mteremko kama ule. Mafuta ya breki nayo yabadilishe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halijakulalamikia.

Nafasi mbele yako pima hivi. Gari la mbele likipita nguzo, sema kwa mwendo wa kawaida: elfu na moja, elfu na mbili, elfu na tatu. Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umelisogelea mno. Mvua ikinyesha, au usiku, endelea hadi elfu na sita.

Yule mama tulirudia zoezi mara nne. Mara ya nne alikanyaga na kushikilia, pedali ikatetemeka, gari likasimama na koni zote zikiwa wima. Kama gari lako lina ABS na hujawahi kuisikia mguuni, mtafute mwalimu na lami tupu wiki hii, uisikie kabla hujaihitaji.