Mzazi Mzee Anapojikuna Usiku: Namna ya Kutunza Ngozi Kavu

Julai inapofika Wundanyi na Werugha, ukungu hushuka hadi mlangoni na wazee wengi huanza kujikuna. Wengine hutumia kucha, wengine gunzi la mahindi au ncha ya bakora, hasa kwenye miundi ya miguu na mgongoni. Kule Voi na Mwatate kinachosumbua si baridi bali upepo mkavu na vumbi. Mzee akiulizwa, jibu ni lilelile: "Ni uzee tu." Jibu hilo ni kweli nusu. Nusu nyingine ndiyo inayofanya wengine wafike hospitalini wakiwa tayari na vidonda vyenye usaha.

Ni kweli kwamba umri hubadilisha ngozi. Huwa nyembamba, hutoa mafuta kidogo, na maji hutoka ndani yake kwa urahisi. Ikikauka sana hupata nyufa ndogondogo kama tope la bwawa lililokaukiwa, na hapo huwasha. Kujikuna huongeza nyufa, na nyufa huongeza kuwasha. Kwa mzee mwenye kisukari, mkwaruzo mdogo mguuni unaweza kugeuka kidonda kisichopona kwa miezi.

Mara nyingi kosa huanzia bafuni, na hufanywa kwa nia njema. Asubuhi ya baridi mzazi huandaliwa maji moto, akasuguliwa kwa dodoki na sabuni ya kipande ileile ya kufulia nguo, mpaka aonekane safi. Maji moto na sabuni kali huondoa hata yale mafuta machache yaliyobaki. Yafaa maji yawe vuguvugu, yapimwe kwa kiwiko kabla hajamwagiwa, na kuoga kusizidi dakika kumi. Sabuni isiyo kali wala manukato itumike kwapani, sehemu za siri na kwenye nyayo. Mikono, mgongo na miundi hutosheka na maji peke yake. Mzee ambaye hakutoka jasho si lazima aoge mwili mzima kila siku. Dawa ya kuua viini inayotiwa kwenye beseni haimsaidii, humkausha zaidi.

Baada ya kuoga, dakika tatu za kwanza ndizo zenye faida kubwa. Taulo ibonyezwe mwilini bila kusugua, ngozi ibaki na unyevunyevu, kisha apakwe mafuta hapo hapo. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyafungia yasitoke. Ndiyo maana jeli inayopakwa mchana kwenye ngozi iliyokauka humetameta bila kuleta nafuu kubwa. Jeli ya kawaida isiyo na manukato, ile ya kila duka, hufanya kazi hiyo vizuri, na hakuna haja ya kutafuta krimu ya bei ghali. Apakwe mara mbili kwa siku, na kabla ya kulala miguu ifutwe kwanza kwa kitambaa chenye maji.

Kuna tahadhari chache. Katikati ya vidole vya miguu pasipakwe, kwa sababu unyevu hapo huleta fangasi. Nyayo zenye mafuta huteleza kwenye sakafu ya saruji, na mzee akivunjika nyonga, kuwasha kutakuwa tatizo dogo. Avae soksi na viatu kabla ya kusimama. Nguo na blanketi zilizolowa jeli hushika moto haraka, kwa hiyo zikae mbali na jiko na koroboi. Jiko la makaa lenyewe halifai kuingizwa katika chumba kilichofungwa: joto lake hukausha ngozi, na hewa yake yenye sumu huua watu usingizini.

Sweta ya sufu ivaliwe juu ya shati la pamba. Nguo zisuuzwe mara mbili ili sabuni iishe. Kucha zikatwe fupi. Panapowasha sana usiku, kitambaa kilicholowa maji baridi hutuliza kuliko kucha.

Vidonge vya piriton, ambavyo familia nyingi huvikimbilia, havitibu ukavu. Kwa mzee huleta usingizi mzito, kuchanganyikiwa na kuanguka, na kwa mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba vinaweza kuziba mkojo. Krimu za sokoni zinazoahidi kung'arisha ngozi nazo ni za kuepukwa. Baadhi zina steroidi au zebaki, na steroidi ikitumiwa bila mpango huzidi kuikonda ngozi ambayo tayari ni nyembamba.

Wakati mwingine shida si ukavu kabisa. Kama kuwasha huzidi usiku, kuna vipele katikati ya vidole vya mikono, kwenye vifundo vya mikono au kiunoni, na mjukuu anayelala naye pia anajikuna, huenda ni upele unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi. Hapo jeli haitafaa. Dawa hutolewa kituoni, na nyumba nzima hutibiwa siku moja, hata wasiowashwa, la sivyo ugonjwa huzunguka. Nguo na matandiko hufuliwa kwa maji moto na kuanikwa juani.

Kuwasha mwili mzima bila vipele kunaweza kuwa dalili ya ugonjwa wa figo, ini, kisukari, tezi ya shingo au hata saratani ya damu. Mzee apelekwe kituo cha afya kama wiki mbili za mafuta hazijaleta nafuu. Asisubiri wiki hizo ikiwa macho yamekuwa ya manjano, miguu imevimba, amekonda bila sababu, ametokwa na malengelenge, au kidonda kina joto na usaha.

Asiyeweza kutembea anaweza kuanza kwa kutazamwa na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake. Anayekwenda zahanati abebe kitambulisho, pamoja na mfuko wenye dawa zote anazomeza, zikiwemo za presha na za miti shamba, na mikebe ya mafuta anayopaka. Dawa fulani huleta kuwasha, na mganga hawezi kulijua hilo bila kuziona.