Je, wajua: kimstari kinachounganisha programu

Kwenye kibodi ya kompyuta kuna kimstari kilichosimama wima, |, ambacho watu wengi hawajawahi kukibonyeza. Waandishi wa programu hukiita paipu. Unapoandika amri za kompyuta, kazi yake ni moja tu: kinachotoka katika programu iliyo kushoto kwake huingia moja kwa moja katika programu iliyo kulia.

Aliyelipigania wazo hilo ni Doug McIlroy, mwanahisabati wa Bell Labs, maabara ya utafiti huko New Jersey, Marekani. Oktoba 1964 aliandika waraka akitaka programu ziungane kama mipira ya kumwagilia bustani: ukihitaji kipande kingine, unakikaza tu mwishoni. Mwaka 1968, katika mkutano wa NATO uliofanyika Garmisch, Ujerumani, alikuja na dai kubwa zaidi. Alitaka kuwe na kiwanda kizima cha vipuri vya programu, vya kila saizi na kila ubora, na mteja achague katika katalogi badala ya kuandika kila kitu upya. Kiwanda hicho hakikutokea kama alivyokipanga. Paipu ilitokea.

Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo endeshi wa Unix mwaka 1969 katika idara aliyoiongoza McIlroy, naye hakuchoka kuwakumbusha wazo lake. Mwaka 1973 Thompson alikubali, na kwa usiku mmoja akaitia paipu ndani ya mfumo. Mwanzoni ilitumia alama ya >, ambayo tayari ilikuwa na kazi ya kupeleka matokeo kwenye faili, na msomaji hakujua lipi ni lipi. Kimstari wima kilikuja baadaye mwaka huohuo.

Ndani yake hakuna maajabu. Mfumo hutenga nafasi ndogo ya kumbukumbu, ambayo katika Linux ya leo, mfumo wa jamii ya Unix, kwa kawaida ni kilobaiti 64. Programu ya kushoto humimina, ya kulia huchota. Nafasi ikijaa, anayemimina husimamishwa; ikikauka, anayechota husubiri. Zote mbili hufanya kazi kwa wakati mmoja, hivyo faili kubwa kuliko kumbukumbu yote ya kompyuta inaweza kupita bila shida. Ila programu ya kupanga mistari kialfabeti haina haraka hiyo: lazima ione mstari wa mwisho kabla ya kutoa wa kwanza.

Kwa maoni yangu, paipu ilifanikiwa kwa sababu ya uchache wa masharti yake. Programu hazihitaji kujuana, wala kuandikwa kwa lugha moja, wala na mtu mmoja. Zinachokubaliana ni kupokezana mfululizo wa baiti, aghalabu mistari ya maandishi, basi.

Mwaka 1986 jambo hili lilionekana wazi. Jon Bentley, mwandishi wa safu katika jarida la Communications of the ACM, alimwomba mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth aandike programu ya kutafuta maneno yanayojirudia zaidi katika matini. Knuth alileta kazi ya ustadi mkubwa, ya kurasa kadhaa. McIlroy, aliyeombwa kuihakiki, aliisifu, kisha akaweka kando yake amri sita zilizounganishwa kwa paipu: weka kila neno kwenye mstari wake, geuza herufi kubwa kuwa ndogo, panga, hesabu yanayofanana, panga upya kwa wingi, onyesha ya juu tu. Hakumtendea Knuth haki kamili, maana Knuth aliombwa aonyeshe mtindo wake wa kuandika programu zisomeke kama insha. Hata hivyo, zile amri sita ndizo watu wanazozikumbuka.

Zijaribu kwa matini ya Kiswahili na utaona kasoro. Amri ya kwanza huhesabu kuwa neno limeisha popote inapokuta kitu kisicho herufi, na ritifaa si herufi. Ng'ombe anakatwa vipande viwili, "ng" na "ombe". Ng'ambo inazaa "ng" nyingine pamoja na "ambo". Tiba yake ni kuiongeza ritifaa kwenye orodha ya herufi za amri hiyo ya kwanza. Zile tano zilizobaki huzigusi.