Je, Wajua? Waya wa begani una sumaku

Fundi wa kuchomelea vyuma katika eneo la viwanda la Bujumbura, kama mafundi wengi popote, huutupia waya wa mashine begani ili usimkwaze. Waya huo ukibeba ampea 200, sentimita 10 kutoka kwake kuna uga wa sumaku wa mikrotesla 400 hivi, zaidi ya mara kumi ya ule wa dunia yenyewe jijini humo. Akikaa mita moja mbali nao, zinabaki 40. Ukuta wa matofali hauuzuii. Kinachosaidia ni umbali.

Na seli za mwili je? Umeme wa Regideso, shirika la umeme la Burundi, ni wa hezi 50: mkondo hugeuza mwelekeo mara 100 kwa sekunde, na mageuzi hayo huamsha vijimkondo hafifu mwilini. Uga ukifika militesla kadhaa, hasa wa hezi 20 hivi, jicho huona vimulimuli visivyokuwepo. Kuvunja DNA moja kwa moja, kama eksirei, hauwezi: nishati yake ni ndogo mno.

Hata hivyo, mwaka 2002 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO, iliuweka kundi la 2B, yaani huenda unasababisha saratani. Sababu ni takwimu za leukemia kwa watoto wa nyumba zenye wastani wa zaidi ya mikrotesla 0.3 hadi 0.4, ingawa maabara bado hazijaonyesha seli zinadhurikaje.

Fundi wetu, kwa maoni yangu, auhofie kwanza moshi wa kuchomelea anaouvuta: huo IARC iliupandisha kundi la 1, yaani unasababisha saratani, mwaka 2017.