Jumapili ya Kijapani: Kanji Moja, Sauti Mbili

Anayeanza Kijapani hukutana mapema na siku za juma, na Jumapili ndiyo humtega: 日曜日, nichiyōbi. Kanji, yaani herufi yenye asili ya Kichina, ya kwanza na ya mwisho ni ileile, 日, ya mistari minne tu. Mwanzoni inasomwa "nichi", mwishoni "bi". Wengi hudhani kitabu kimekosea.

Hakijakosea. Wajapani waliazima maandishi ya China pamoja na maneno mengi ya huko, lakini lugha yao walikuwa nayo tayari. Ndiyo maana 日, ambayo asili yake ni mchoro wa jua, ikabeba sauti za pande zote mbili. Usomaji wenye asili ya Kichina huitwa on'yomi: hapa ni "nichi", na pia "jitsu", iliyofika baadaye, kama katika 休日, kyūjitsu, siku ya mapumziko. Usomaji wa Kijapani chenyewe huitwa kun'yomi: "hi", yaani jua au siku.

Na "bi" je? Ni "hi" hiyohiyo. Neno likiunganishwa nyuma ya jingine, mara nyingi konsonanti yake ya kwanza hugeuka: h huwa b, k huwa g. Hali hiyo huitwa rendaku. Sisi tunaosema ulimi na ndimi, mti mrefu na kamba ndefu, hatuna haki ya kulalamika, ingawa kanuni zenyewe si zilezile.

Kazi hasa iko kwenye 今日. Ukiisoma kwa on'yomi unapata konnichi, ile iliyomo katika salamu konnichiwa. Lakini anayetaka kusema "leo" katika mazungumzo husema kyō, na sauti hiyo haigawanyiki kati ya kanji hizo mbili. Ni ya neno zima. Ndivyo ilivyo pia 明日, ashita, kesho. Nayo 一日 ikisomwa tsuitachi ni tarehe mosi. Ikisomwa ichinichi ni muda wa siku nzima.

Kwa maoni yangu, kumkaririsha mwanafunzi "nichi, jitsu, hi" kama orodha ni kumpotezea muda. Mtoto wa Japani hufundishwa 日 darasa la kwanza, miongoni mwa kanji 80 za mwaka huo, akiwa ameshayasema maneno hayo tangu utotoni. Mgeni hana akiba hiyo. Basi kwenye kadi yako ya kujifunzia usiandike kanji peke yake. Andika neno zima, na nyuma yake matamshi na maana. Anza na siku za juma: zote saba huishia na yōbi.