Seli za Kinga: Je, ni Askari?

Katika maandishi mengi chembechembe nyeupe za damu huitwa "askari wa mwili". Tamathali hii yaweza kumpotosha msomaji wa tiba. Mtu avutapo moshi wa moto, makrofaji zilizomo katika vifuko vya hewa vya mapafu humeza masizi, kisha kwa ishara za kikemikali huita nyutrofili, aina mojawapo ya chembechembe hizo. Nyutrofili humwaga vimeng'enya viyeyushavyo bakteria. Lakini vimeng'enya hivyo hivyo hula kuta za vifuko, majimaji yakavujia ndani, na mgonjwa akaishiwa pumzi saa kadhaa baada ya kuokolewa. Askari gani abomoaye nyumba ailindayo? Yafaa basi kutumia "seli za kinga", istilahi itajayo mfumo zilimo bila kuahidi ushindi.