Kisukari: Simu ni daftari, si daktari

Unajua salio lako la M-Pesa bila hata kuuliza. Unajua nani amesoma ujumbe wako WhatsApp akanyamaza. Lakini kama una kisukari na unatumia insulini, unaweza kusema sukari yako ilikuwa ngapi juzi saa kumi jioni? Kama huwezi, simu hiyo unayoshinda nayo ina kazi ambayo bado hujaipa.

Mtaani wengi hudhani kisukari ni cha wazee. Aina ya 1 huwapata sana watoto na vijana. Kongosho huacha kutengeneza insulini, na lazima ujidunge kila siku, uwe na mtihani, uwe na kesha au uwe umefulia. Daktari unamwona mara moja baada ya wiki au miezi kadhaa. Siku zote za katikati, maamuzi ni yako.

Anza na kitu rahisi: alamu ya kila sindano. Kisha pakua apu ya kisukari, au tumia tu sehemu ya kuandikia kwenye simu. Kila unapopima, andika mambo manne: saa, kipimo, ulichokula na dozi uliyojidunga. Chapo mbili kwa madondo hazipandishi sukari sawa na sukuma na yai, na kukimbilia matatu au kucheza mpira huishusha. Baada ya wiki mbili utaanza kuona mtindo. Pengine kila Jumatano usiku sukari yako huanguka, na Jumatano ndiyo siku yako ya mazoezi. Hilo daktari hawezi kulibashiri.

Hata kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu hakitalitoboa. Ukipanda sana mchana na kushuka sana usiku, wastani unaweza kupendeza ilhali wewe unaumia. Daftari lako ndilo litakalosema ukweli.

Una kabambe? Bado umo. Mwaka 2014, Senegal ilianza kuwatumia wagonjwa wa kisukari SMS za ushauri wakati wa Ramadhani, kipindi ambacho kufunga hubadilisha saa za kula na za dawa. Hakukuhitajika bando.

Wenye uwezo wana kifaa kama FreeStyle Libre. Ni kibandiko kidogo unachovaa mkononi kwa siku 14, na simu inakisoma bila wewe kujitoboa kidole kila mara. Lakini bei yake si ya kila mtu, na kinapima majimaji yaliyo chini ya ngozi, si damu yenyewe, kwa hivyo huchelewa dakika kadhaa. Namba ikisema uko sawa na mwili unatetemeka, amini mwili, toboa kidole upime.

Hapo sasa ndipo penye hatari. Sukari ikishuka chini ya 4, unaweza kutetemeka, kutoka jasho baridi na kuongea ovyo. Watu watasema umelewa. Unachohitaji ni sukari ya haraka: nusu glasi ya soda ya kawaida, au vijiko vinne vidogo vya sukari kwenye maji. Ngoja dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini, rudia. Ukizimia, hupaswi kumiminiwa chochote mdomoni. Unapaswa kukimbizwa hospitalini.

Nani atajua hayo kama unaishi peke yako kwenye bedsita na hujamwambia mtu? Simu nyingi zina mahali pa kuweka habari za dharura zinazosomeka hata skrini ikiwa imefungwa. Andika: nina kisukari, natumia insulini, pigia huyu. Halafu mfunze beshte mmoja.

Kuna mambo ambayo simu haifai kukufanyia. Apu isikupangie dozi kama daktari wako hajaiwekea viwango vyako. Na yule wa kwenye grupu anayekwambia uache insulini unywe mitishamba, mpuuze. Ukiwa na aina ya 1 na uache insulini, asidi hujaa kwenye damu na unaweza kufa ndani ya siku chache. Kabla ya 1922, mwaka ambao kijana mmoja alidungwa insulini kwa mara ya kwanza mjini Toronto, Kanada, kugunduliwa na ugonjwa huu kulikuwa kama kusomewa hukumu ya kifo.

Usione haya kuhusu pesa pia. Apu ya bure haina maana bila stripu za kupimia. Kama zinakuishia kabla ya mwezi kwisha, mwambie daktari au muuguzi ukweli, mpange pamoja saa ambazo ni lazima upime. Kuruka sindano kimyakimya ndiko kutakugharimu zaidi.

Kwa hivyo leo usiku, kabla hujarudi TikTok, weka alamu, jaza habari za dharura, na umtumie ujumbe yule beshte. Kliniki ijayo, nenda na daftari lako kwenye simu, umfungulie daktari alisome.